Somo la maadili liwe na vitendo

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa ufundishaji wa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa akikariri maana ya uaminifu kwa ajili ya jaribio, akirudia sentensi ileile huku kafumba macho. Baada ya jaribio akanieleza, bila hata kushtuka, kwamba wenzake kadhaa walinakiliana majibu.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alisema mtu huwa fundi mwashi kwa kujenga na mpiga zeze kwa kupiga zeze. Vivyo hivyo huwa mwadilifu kwa kutenda haki, tena tangu utotoni. Ndiyo maana aliihesabu elimu kuwa kazi ya dola, si ya kila mzazi kivyake. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule iwe jumuiya yenye shamba lake, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo yake. Mtoto aliyeshika daftari la mauzo ya mchicha, akalisoma mbele ya wenzake mstarini, amejifunza uaminifu zaidi ya yule aliyejaza nafasi zilizoachwa wazi.

Nashauri Wizara ya Elimu ipunguze uzito wa mtihani wa kuandika katika maadili, na kila shule iwakabidhi wanafunzi mradi mdogo, wa bustani au kuku, wenye hesabu zinazosomwa hadharani kila mwezi.

Mstaafu,
Morogoro