Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: klachi, rilizi, na pale nilipowapoteza

Ndugu wanachama wa chama chetu cha magari ya zamani, habari zenu, na wale waliokwamia njiani na magari yao nao salamu ziwafikie hukohuko waliko. Najua mnasubiri mweka hazina asome hesabu halafu tule, kwa hiyo mambo ya vikao nayapitisha mbio: tumekutana kila mwezi kasoro ule wa theluji, safari ya Abingdon, Uingereza, tulienda, kiwanda cha magari ya MG pale kilifungwa 1980 kwa hiyo tulichokiona zaidi ni mvua na mahudi yetu, haya mapaa ya turubai, yakavuja kama kawaida, na kreni ya injini tuliyochangia imefanya kazi kuliko kiongozi yeyote wa chama hiki. Yaliyobaki yote ni klachi.

Kwa wageni nieleze kidogo. Rilizi ni kile kipande kinachosukuma klachi iachie ukikanyaga pedali. MGB, gari la michezo la MG, ya injini ya silinda nne haikutoka kiwandani na rilizi ya gololi, ina pete ya kaboni, nyeusi, ukiigusa inakuachia masizi kidoleni kama penseli, imekaa kwenye kikombe cha chuma kilichoshikwa kwenye foki, ule wenzo wa kuisukuma, kwa klipu mbili za waya. Ukikanyaga pedali ile pete inaisukuma presha pleti, sahani inayobana klachi, huku inasugua, ndo maana ukiwa na tabia ya kupumzisha mguu kwenye klachi pale kwenye mataa unaila polepole mpaka siku chuma kinakutana na chuma. Sasa maduka ya spea yanauza rilizi ya gololi inayokaa kwenye foki ileile, na mwaka jana nilisimama hapahapa nikasema jamani kaboni ni mambo ya kizamani tubadilishe wote. Katibu anacheka, anayo kwenye muhtasari.

Tumefunga tatu. Mbili zinatembea vizuri mpaka leo, sina neno. Ya tatu ni ya kwangu.

Ilianza kulia, kasauti kembamba hivi, mke wangu akaniuliza kama nimepakia kifaranga. Ukikanyaga klachi sauti inageuka, ukiachia inarudi. Nikajifanya sisikii mwezi mzima. Shida ya MGB kuifungua klachi si kazi ya kulala chini ya gari ukashusha gia boksi peke yake, haishuki, lazima injini ipande juu, yaani boneti itoke, rejeta itoke, eksozi ifunguliwe, yote hayo kwa kitu kinachoenea kiganjani. Tulipoifikia grisi ilikuwa imetoka yote imejipaka ukutani mwa nyumba ya klachi, na ukiizungusha beringi kwa kidole inakwaruza kama ina mchanga wa ufukweni.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Klachi ya haidroliki ya hii gari haina pa kuirekebisha uwazi, rilizi inabaki imeigusa presha pleti kidogo muda wote, kaboni haisumbuki na hilo lakini gololi zinazunguka kuanzia unapowasha mpaka unapozima. Halafu foki inasukuma kwa kupinda, haiendi wima, kaboni inateleza inajipanga yenyewe ila beringi inabebeshwa mzigo wa upande. Kilichoniuma zaidi ni ile kaboni niliyoitoa mwanzoni, nimeiokota kwenye boksi nikaipima, ilikuwa bado nene kabisa. Nimefunga kaboni mpya.

Jingine. Mwenzetu mmoja alikuja na gia inayokoroma akiingiza rivasi, ameshanunua rilizi ya gololi, ameshaomba kreni. Bahati yake fundi wetu mkubwa akasema ngoja kwanza, kanyaga pedali nipime fimbo ya sleva, ile silinda ya chini inayosukuma foki, inasogea kiasi gani. Inatakiwa iwe karibu milimita 12, yake ilikuwa haifiki 8. Hewa hakuna, haivuji popote, basi tukapanda juu kwenye pedali tukakuta pini inayoungana na fimbo ya masta silinda, ile ya juu inayosukuma mafuta kwenda sleva, imelika mpaka ina kiuno kama nyigu, na tundu la pedali limekuwa yai. Pini mpya, tundu likajazwa likatobolewa upya, gia zikaingia kimyakimya. Rilizi yake anaiuza, mumwone wakati wa chai.

Wenye Triumph Spitfire msijichekee sana. Ndiyo nyie mnatolea gia boksi ndani ya gari, na beringi ya gololi mmezaliwa nayo, ila klachi tatu za mwaka huu ni zenu.

Kwa hiyo kuanzia sasa kreni haitoki stoo mpaka fimbo ya sleva ipimwe mbele ya mtu wa pili. Ukishafika ndani kaboni au gololi ni pesa yako, ila bushi ya nyuma ya krenki na oili sili vibadilishwe hapohapo, na klachi pleti isomwe maandishi ya upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, mwaka huu kuna mtu kaifunga kinyume na simtaji kwa kuwa kaleta pilau.

Na aliyeondoka na pini ya mguu wa kreni airudishe, kwa sasa tumechomeka bisibisi.