Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama chetu cha kuchora majengo kwa penseli kimemaliza michoro minne tu. Wapo walioniuliza kama chama kimelala. Naanzia hapo, maana kwangu huu ndio mwaka wetu bora.

Boma la Arusha peke yake lilikula Jumamosi zetu tangu Juni hadi Septemba. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 liwe ngome, na tangu 1987 ni makumbusho. Tumelipita mara ngapi bila kulitazama! Ugumu wake ni ule weupe. Penseli haina nyeupe. Ukuta mweupe ni karatasi uliyoiacha bila kuigusa, na kinachouonyesha ni kivuli cha paa. Kivuli hicho tulikiweka kwa 2H, penseli ngumu yenye alama hafifu, tabaka juu ya tabaka, mkono mwepesi, na 4B, ile laini yenye weusi mzito, ikaja mwisho kabisa, ndani ya madirisha. Kijana wetu mmoja alianza na 4B. Kufika saa tano karatasi ilishachafuka, akaisugua kwa ufutio mpaka ikaota manyoya. Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi mpya, akaanza upya bila kuambiwa na mtu. Nilifurahi mno.

Kivuli hakingoji, ndiyo maana tunarudi saa ileile kila wiki. Julai mawingu yalitunyima jua, tukakaa kupima: jicho moja limefumbwa, mkono umenyooshwa, kidole gumba kikitelezeshwa juu ya penseli kuhesabu dirisha linaingia mara ngapi katika ukuta.

Lililoniuma ni nyumba ya ghorofa yenye roshani ya mbao, tuliyoipangia Oktoba. Ilibomolewa Septemba. Tulichonacho ni mlango na nusu ya roshani, tulivyovichora siku ya kwenda kuiona tu. Ukurasa huo nimeomba utunzwe kama ulivyo, usikamilishwe kwa kukisia.

Hesabu atazisoma mhazini. Wenye madeni ya ada wanajijua.

Mwakani napendekeza majengo mawili: ukumbi ambamo Azimio la Arusha lilijadiliwa Januari 1967, ambao ni makumbusho tangu 1977, na stesheni ya Moshi, mji ambao reli ya kutoka Tanga iliufikia mwaka 1911. Treni ya abiria ilirejea Moshi 2019, kwa hiyo tutachora pia watu wanaosubiri.

Watakaokwenda Moshi wajiandikishe kwa katibu leo. Kila mmoja aje na wembe; kichongeo huacha ncha ya penseli fupi mno kwa kazi ya kivuli.