Dawa ya saratani haipenyi ufa tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita juu ya "dawa ndogo kuliko vumbi", iliyosema kwamba chembe ndogo mno ("nano") za dawa ya saratani hupenya nyufa za mishipa ya uvimbe, imesomwa sana huku Mikindani. Kesho yake tu kijana wa jirani alinijia na gazeti, kidole kimebana mchoro wa mshipa wa damu wenye matundu. "Shikamoo mwalimu. Mama ana uvimbe wa titi. Mbona hii hawampi?" Mkono wa pili ameshika kichupa cha matone alichouziwa stendi, kimeandikwa "nano".

Mchoro wenu si wa uongo, ila umechakaa. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walieleza kwamba uvimbe hujijengea mishipa kwa pupa, kuta zikabaki na nyufa, na mifereji ya limfu ya kuondoa kilichoingia ni dhaifu. Kwa hiyo chembe ya nanomita 100 hivi (unywele wa mtu una upana wa nanomita 80,000 au zaidi) ingepenya na kubaki humo. Picha hiyo ilitawala zaidi ya miaka 30.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliipima kwa namna iliyonifurahisha mno. Walichukua panya wenye uvimbe, wakazigandisha seli zao kwa kemikali zisiweze kufanya kazi yoyote, huku nyufa zikibaki vilevile. Kisha wakasukuma chembe za dhahabu kwenye mishipa kwa pampu. Kama ufa ndio njia, dhahabu ingeingia kama inavyoingia kwa panya hai. Iliingia kidogo sana. Hesabu yao ni kwamba hadi asilimia 97 ya chembe huvushwa na seli za ukuta wenyewe: zinazimeza upande wa damu, zinazitema upande wa uvimbe.

Sisi wa korosho hatuhitaji mchoro. Gunia haliingii ghalani kwa kupenya ufa. Kuli hulibeba begani akapita mlangoni. Makuli wakigoma, ukuta uwe na nyufa utakavyo, mzigo utalala nje.

Tofauti hiyo si ya kitabuni. Anayeamini ufa atahangaika na ukubwa wa chembe tu. Anayejua kuna makuli atauliza ni nini kinachowafanya wabebe, na kwa nini uvimbe huu unabeba na ule haubebi. Tena kinachofika ni kiduchu: mwaka 2016 maabara hiyohiyo ilikusanya tafiti za miaka kumi, nyingi za panya, ikakuta kiwango cha katikati ni asilimia 0.7 ya dozi iliyodungwa. Sehemu kubwa hunaswa na ini na bandama.

Mmeandika pia kwamba dawa hizi "hazigusi sehemu nyingine ya mwili". Hapo mmekosea kabisa. Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ni doksorubisini, dawa ya zamani ya saratani, iliyofungwa ndani ya kifuko cha mafuta. Faida yake kubwa ni kuupunguzia moyo madhara ya dawa ile ikiwa tupu. Lakini huvujia viganjani na kwenye nyayo, mgonjwa akababuka ngozi. Na huingia kwa dripu, hospitalini, si kwa matone ya kunywa.

Naomba mrekebishe mchoro huo, ukurasa uleule na ukubwa uleule, msiufiche chini ya matangazo ya viwanja.

Kuhusu yule kijana: kichupa kilikula nauli ya mama yake ya kwenda kliniki Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na safari alikuwa ameshaiahirisha. Mtaa umechangishana. Jumatatu alfajiri mama anapanda basi la Dar.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Mikindani, Mtwara