Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wapangaji Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu ilishughulika na makaratasi ya wapangaji, pale yalipokuwepo. Mama mmoja mwenzetu alitolewa vyombo nje jioni, mvua inanyesha. Ushahidi wake wa malipo ulikuwa daftari la shule la mwanawe: tarehe za penseli, sahihi ya mwenye nyumba hakuna hata moja. Tulimsindikiza hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, shauri linaendelea. Simcheki, mkataba wangu wa kwanza nao ulikuwa wa mdomo.

Wazee wanauliza mbona zamani haikuwa hivi. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ya umma ya kuyasimamia. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi ya nyumba ilimpa mpangaji pa kukimbilia. Mwaka 2005 ikafutwa.

Sidai irudi vilevile. Poland waliendelea na kodi za chini walizorithi enzi za ukomunisti, mpaka mwenye nyumba mmoja wa Gdynia akafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2006 akashinda: kodi aliyoruhusiwa kutoza haikutosha hata matengenezo, na Mahakama ikaona si haki wenye nyumba peke yao wabebeshwe mzigo wa jamii nzima. Nakubali kabisa.

Kwetu mzigo umelalia upande wa pili. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali. Haki ya makazi huioni humo, ingawa tangu 1976 tumo kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, unaoitaja waziwazi katika Ibara ya 11. Kwa hiyo mtu anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake, halafu hana sheria ya kodi ya kushika mkononi.

Mapendekezo yetu ya sheria mpya tutayajadili leo. Hesabu atasoma mhazini. Fomu za mkataba ziko kwa katibu, bure. Chukueni mbili, moja ya mwenye nyumba, na msilipe kodi nyingine bila risiti yenye sahihi.

Mwenyekiti