Kwani huyu mzee kafanyiwa operesheni?

Kaka yangu,

Mambo vipi huko Mwanza, nimesikia sato wanakunenepesha, haya hongera. Huku Tanga tupo, joto tu.

Kwenye bahasha kuna picha mbili za mzee mmoja fundi baiskeli wa hapa Ngamiani, nyuma nimeandika 1 na 2 kwa penseli. Kabla hujaendelea kusoma hebu zishike mkono ukiwa umenyooka uzitazame, usizisogeze puani kama unatafuta chawa, halafu ndo urudi kwenye barua. Ningekutumia kwa WhatsApp ila si unajua inavyozibana picha, na hapa ninachotaka uone ni vitu vidogo vidogo ambavyo ndo vinakufaga wa kwanza.

Umeziona? Haya.

Huyu mzee namfahamu muda, ana banda la bati chini ya mwembe, na jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, limefifia kama maji ya kuoshea mchele. Nimepita pale asubuhi jua linaingia kwa ubavu, mzee kashika mnyororo wa Phoenix ya mtu kauinua kifuani anautafuta ulipokatika, nikamwomba picha akanambia we piga tu ila mi sikai mkao. Nikapiga kama saba, na kwenye moja kainamisha kichwa lakini macho kayanyanyua kunitazama, yaani ule mtazamo wa fundi anayeona unampotezea muda ila hana ubaya na wewe. Hapo hapo nikajua ndo yenyewe.

Sasa tatizo. Nilikuwa na lensi yangu ya mm 50 ile ile, tundu lake nimelifungua wazi mpaka f/1.8 kwa tamaa ya kuyeyusha nyuma, na nimesimama kama mita moja na nusu. Kwa kamera yenye sensa ndogo kama yangu hapo kinachokaa kwenye fokasi ni sentimita 3 mbele na 3 nyuma, basi. Mzee kavaa kofia ya viua, kichwa kakiinamisha kwa hiyo kofia imetangulia, na autofokasi inapenda penye kontrasti, jicho la ukungu halina kontrasti, kofia ina vitundu kibao, kamera ikashika wapi? Uzi wa kofia unauhesabu. Jicho lenyewe laini, siyo kwamba limeharibika, laini tu, la kukukera usiku.

Nikasema nitalinoa kwenye kompyuta. Kaka nilinoa! Kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, slaida ya kwanza ya kunoa nikaipeleka 130, rediasi (upana wa kingo zinazonolewa) nikaisukuma hadi 3 ambako ndo mwisho wake, klariti nikaongeza, nikaona ndevu zinatoka, makunyanzi yanatoka, nikanogewa. Halafu (hapa usinicheke) nikachukua brashi nikaanza kulisafisha lile jicho, ukungu nikaupunguza, mboni nikaitia weusi, nikaweka na kaalama ka mwanga ili ling'ae. Nikamaliza saa saba usiku nikalala najiona bingwa. Hiyo ndo namba 1.

Jumamosi tukakutana wapiga picha wote, bado tunakaa kwenye kibaraza cha yule jamaa anayeprinti, kahawa na kashata kama zamani, sahani yako tu ndo tunagawana. Nikafungua laptopu. Jamaa wa picha za harusi akasema safi sana iko HD, na huyo mwache, kila kitu kwake HD. Yule dada anayepiga picha za watoto hakusema kitu, akavuta laptopu akaizumu mpaka asilimia 100, akaweka ukucha kwenye bega la mzee pale linapokutana na giza la mlango, akauliza, huu uzi mweupe ni wa nini? Kutazama kweli, bega zima limezungukwa na utepe mweupe kama mtu kalichora kwa chaki. Na ndevu, mama yangu, zile ndevu laini za mzee zimekuwa waya wa kusugulia sufuria. Usiku nilikuwa nazitazama nikiziona nzuri!

Ndo mzee wetu wa darkrumu, aliyekuwa anasafisha picha za filamu kwenye chumba cha giza, akasogeza miwani. Akatazama kimya, unamjua. Akauliza, "Kwani huyu mzee kafanyiwa operesheni?"

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mi sikucheka. Maana wote pale wanamjua fundi, wanapeleka baiskeli kwake, na picha yangu imewaletea mtu mwingine mwenye macho mawili mazima. Dogo mmoja mgeni ndo akazidi kuharibu, akasema kaka kuna programu ya akili mnemba kwenye simu hii hapa inatengeneza jicho jipya dakika moja, akaifanya palepale, likatoka jicho la kijana wa miaka ishirini lina kope ndefu za bibi harusi. Hapo ubishi ukawaka, dogo anasema mteja anataka kupendeza, yule dada anasema mteja hapa ni nani, mzee hakuomba kupendezeshwa. Mimi nipo upande wa dada ila dogo naye ana pointi, maana tunaondoa chunusi za mabibi harusi kila wiki na hatuulizani. Mpaka leo sijui mstari uko wapi hasa. Chunusi itaondoka wiki ijayo yenyewe, mtoto wa jicho mzee anaishi naye, labda ndo hapo.

Alichonifungua macho ni mzee wa darkrumu. Akanambia unadhani unanoa, hakuna kunoa kwenye picha. Enzi zao walikuwa wanatengeneza nakala hafifu ya negativu, wanaifanya makusudi iwe na ukungu, wanaibandika na negativu yenyewe, zikipita pamoja kwenye mwanga zile kingo zinajitokeza. Ndo maana kwenye Photoshop mpaka leo kile kifaa kina jina la barakoa isiyo kali (Unsharp Mask), watu wanashangaa kwa nini kitu cha kunoa kinaitwa hivyo. Programu nayo inafanya hivyohivyo, inatia ukungu nakala, inalinganisha na picha yenyewe, halafu pale penye tofauti inazidisha weupe upande mmoja na weusi upande mwingine. Kwa hiyo kilichoongezeka ni kontrasti ya kingo, habari mpya haipo hata chembe. Ambacho lensi haikushika hakirudi. Akaongeza kwamba na wao walidanganya, walikuwa wanachonga penseli kama sindano wanapaka kwenye negativu kufuta makunyanzi ya wakubwa, kwa hiyo tusimfanye yeye malaika.

Halafu akanipa kitu ambacho nataka na wewe ukijaribu uniambie. Akasema jicho la mtazamaji linakimbilia penye makali zaidi, sasa wewe unahangaika kuliongezea jicho makali ambayo halina wakati kofia inapiga kelele pale juu. Inyamazishe kofia.

Nikarudi nyumbani nikafuta kila kitu, nikaanza na faili la RAW, lile ghafi la kamera. Noizi, zile chembechembe, nikazipunguza kidogo kwanza, maana ukinoa kabla unanoa na mchanga. Slaida ya kunoa 45, rediasi 0.8, na ile ya maski ambayo siku zote naipita nikaishika pamoja na Alt, picha inageuka nyeusi na nyeupe, penye weupe ndo panaponolewa, nikaivuta mpaka 70 hivi mashavu yakawa meusi yote yakabaki macho, ndevu kwa mbali, na vidole. Kisha brashi kwenye kofia, makali nikayashusha chini ya sifuri, mwanga nao nikaupunguza nusu stopu (kipimo cha mwanga). Kaka, kofia iliposhuka jicho likapanda lenyewe bila kuguswa! Ukungu wake upo vilevile kama ulivyo. Nilichonoa kwa mkono ni kope za juu na zile kucha zenye grisi, kwisha. Nikakata upande wa kulia kulikokuwa na tairi linaning'inia pembeni linavuta macho, nikaipunguza kuwa pikseli 2400 kwa 3600, na kunoa kwa ajili ya karatasi nikakuacha mwisho kabisa, kidogo zaidi kuliko kioo kinavyotaka kwa sababu karatasi isiyong'aa inakunywa wino. Hiyo ndo namba 2. Dada wa watoto bado anaona kivuli cha chini ya pua kizito, mi nakipenda, wewe useme.

Juzi nikampelekea mzee nakala yake. Nikamkabidhi nasubiri aseme kuhusu jicho, moyo unadunda kabisa. Kaifuta mikono kwa tambara, kaishika mbali, kaishika karibu upande wa jicho zima, kakaa nayo muda. Akanambia, "Baiskeli umeipeleka wapi?" Nikamwambia nimekata mzee, ilikuwa inavuruga. Akanitazama vilevile kama kwenye picha. Akasema fundi bila baiskeli ameshika mnyororo, watu watadhani mimi mwizi.

Kwa hiyo Jumatatu narudi, f/4 safari hii, tundu dogo zaidi, fokasi nachagua mwenyewe, na tairi zima ndani. Niandikie kuhusu kile kivuli, usinisifie.

Ndugu yako wa Tanga