Nisimamishe udaktari nikasomee uzamivu?

Ndugu Mshauri,

Shikamoo. Nasomea udaktari na namaliza mwaka wa tatu. Nataka kwenda Marekani kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, kisha nibobee kwenye magonjwa ya damu. Kwetu hakuna aliyepita njia hiyo, ndiyo maana nakuandikia.

Chuo kimenipa nafasi ya kusoma udaktari na uzamivu (PhD) kwa pamoja. Nikikubali, nitasimamisha masomo ya tiba miaka mitatu, pengine minne, niingie maabara, halafu nirudi wodini kumalizia. Jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha.

Wenzangu wanasema daktari mgeni mwenye PhD hupokelewa kwa mikono miwili. Mimi bado nina shaka. Tangu Januari 2022, Step 1, hatua ya kwanza ya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari Marekani, haitoi tena alama, ni kufaulu au kufeli tu. Sasa kinachopimwa ni Step 2 CK, mtihani wa hatua ya pili unaohusu tiba ya wagonjwa, na pale uzamivu hauniongezei hata alama moja. Najua hospitali kubwa za vyuo vikuu zina nafasi za ubingwa unaokwenda pamoja na utafiti, na huko PhD ina uzito. Lakini nafasi hizo ni chache. Hospitali nyingine nyingi zinazochukua wageni huangalia alama, mwaka wa kuhitimu, na barua za madaktari wa hukohuko waliokuona ukihudumia mgonjwa. Kwenye Match, ule upangaji wa nafasi wa kila Machi, wageni waliosomea nje hufanikiwa takriban 6 katika kila 10. Sitaki kupoteza miaka halafu niangukie kwenye wale wanne.

Hesabu ya miaka ndiyo inayoninyima usingizi. Kwa upande mmoja programu hii inanibeba: shahada ya udaktari nitaipata mwishoni kabisa, kwa hiyo nitaomba nikiwa mhitimu mpya, tofauti na anayefanya PhD baada ya kuhitimu na kuonekana wa zamani. Kwa upande mwingine, ECFMG, wanaotuthibitisha sisi wa nje, wanataka mitihani hiyo ikamilike ndani ya miaka 7 tangu ufaulu wa kwanza. Nikifanya Step 1 sasa, biokemia ikiwa bado kichwani, kisha utafiti ukachelewa, muda utanibana. Nikiisubirisha hadi nitoke maabara, nitaanza kusoma upya karibu kila kitu.

Tena kuna hili. Likizo iliyopita nilikaa maabara wiki nane nikifuatilia selimundu. Unaweka tone la damu chini ya kioo, unaiondolea oksijeni, unangoja. Seli zilizokuwa duara zinaanza kuchongoka moja baada ya nyingine. Nilikuwa nasahau hata kula. Niliporudi wodini nikaambiwa nipapase bandama ya mtoto, nikapapasa mara tatu nisiipate. Mwalimu akanishika mkono, akaushusha chini zaidi, akamwambia mtoto avute pumzi. Ukingo ukanigusa vidoleni. Hizo zilikuwa wiki nane tu. Baada ya miaka minne mikono hii itakuwa wapi?

Utafiti naupenda kweli, sitaki ufikiri natafuta cheti cha kunipambia maombi. Ila baba amestaafu, na wadogo zangu wawili wananisubiri nianze kazi.

Naomba unijibu haya. Je, uzamivu utanisaidia kwenye magonjwa ya ndani, au mwaka mmoja wa utafiti wenye machapisho mawili matatu, pamoja na Step 2 CK nzuri, unatosha? Step 1 niifanye kabla ya maabara au baada? Na kama kuna msomaji aliyepita njia hii, aliwezaje kuendelea kuona wagonjwa miaka ile ya utafiti?

Wako,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu