Salamu za Saba Saba kwa Ndugu wa Dar es Salaam na Nairobi

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani, wakubwa zetu shikamooni, na wadogo hamjambo. Kwa neema ya Mwenyezi Mungu tumefikishwa tena kwenye tarehe 7 Julai, nami kwa niaba ya familia yetu nzima ninawaletea salamu za Saba Saba, huku tukiwaombea afya njema, riziki ya halali na utulivu katika nyumba zenu. Mlio safarini mfike salama, walio vitandani Mungu awanyanyue, na waliotutangulia awalaze mahali pema peponi.

Wengi wenu mnajua kwamba salamu hizi zilikuwa zikiandikwa na baba, nasi watoto tukiongeza majina yetu chini. Mwaka huu kalamu imeniangukia mimi, kwa sababu baba tulimzika mwezi wa tatu, akiwa na miaka 87. Mliokuja msibani, mliochanga, mliokesha nasi na mliopiga simu kutoka mbali, asanteni sana. Hatuna cha kuwalipa, Mungu ndiye atakayewalipa.

Baba aliipenda tarehe hii kuliko siku yake ya kuzaliwa. Alikuwa kijana mdogo TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika, ilipoanzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kutoka katika TAA (Tanganyika African Association), chama kilichokuwapo tangu 1929, na kadi yake ya TANU aliyoikata miaka michache baadaye aliitunza kama wengine wanavyotunza hati ya kiwanja. Tulipokuwa wadogo, Saba Saba kwetu ilikuwa safari ya kwenda uwanja wa maonyesho wa Barabara ya Kilwa: vumbi, foleni ya kuingilia getini, viti na makabati ya Magereza ambayo mama aliyapapasa kila mwaka bila kuyanunua, na ubuyu ulioacha vidole vyekundu hadi kesho yake. Kabla ya kutoka nyumbani baba alitumwa na mama dukani kununua mkate wa slesi. Alirudi nao kwapani, akaufungua mwenyewe mezani, akatugawia slesi mbili mbili zilizopakwa siagi, na kile kipande cha mwisho chenye ganda gumu akakichukua yeye, akisema ndicho chenye nguvu.

Mwishoni mwa mwaka jana nilikuwa nasoma mambo yaliyowahi kutokea tarehe kama hii, nikagundua kwamba mkate uliokatwa kwa mashine ulianza kuuzwa tarehe 7 Julai 1928, katika mji mdogo wa Chillicothe, jimbo la Missouri, Marekani. Aliyeibuni mashine hiyo, Otto Rohwedder, alikuwa sonara. Moto uliwahi kuteketeza mashine yake ya mwanzo pamoja na michoro yake, akaanza upya. Waokaji nao walimkatisha tamaa wakidai mkate uliokatwa utakauka upesi, ndipo akatengeneza mashine inayokata na kuufunga mkate kwa pamoja. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Miaka yote hiyo tulikuwa tukila slesi katika siku ya kuzaliwa ya mkate wenyewe bila kujua. Habari hiyo sikumwambia baba. Niliiweka makusudi, nimsimulie asubuhi ya Saba Saba hii akiwa ameushika mkate wake mkononi.

Mkate wenyewe siku hizi unapungua ukubwa huku bei ikipanda, na sitaki kuliandika jambo hili kwa kulipita juujuu, kwa kuwa zipo nyumba zitakazosherehekea leo kwa chai ya rangi na kiporo cha jana. Mama lishe wa mtaani kwetu ameacha kuweka siagi kwenye mikate anayouza, na wateja wake hawakumuuliza sababu.

Tarehe hii ina sherehe nyingine nyingi ambazo huku kwetu hatuna mazoea nazo. Wajapani huandika maombi yao kwenye vikaratasi vya rangi na kuvifunga kwenye matawi ya mianzi, wakikumbuka nyota mbili zinazopendana na kuruhusiwa kukutana usiku mmoja tu kwa mwaka. Kule Pamplona, Hispania, saa mbili asubuhi mafahali hufunguliwa mitaani na watu hukimbia mbele yake. Visiwa vya Solomon husherehekea uhuru walioupata mwaka 1978. Tena zipo nchi ambako leo ni siku ya chokoleti, watu wazima wakipeana chokoleti kama watoto. Hii ya chokoleti inatugusa kupitia Kyela, mkoani Mbeya, ambako shemeji yetu analima kakao. Mwaka 2024, mavuno yalipoharibika Ghana na Côte d'Ivoire kwa magonjwa ya mikakao na hali mbaya ya hewa, bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na shemeji akaezeka nyumba yake kwa bati jipya. Kabla ya mwaka 2025 kwisha, bei hiyo ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya kilele chake. Aliyemaliza kuezeka alishukuru, na aliyekuwa bado kwenye msingi anautazama hadi leo. Atakayekula chokoleti leo awakumbuke wanaoichachusha kakao ile kwa majani ya mgomba na kuianika juani, ambao wengi wao hawajawahi kuionja chokoleti yenyewe.

Lakini ndugu zangu, jambo ninalotaka kulisema leo ni zito kuliko hayo. Tunapotakiana heri ya Saba Saba sisi wa Tanzania, tunatamka neno ambalo kwa jirani yetu wa Kenya lina harufu ya moshi. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, waliitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai mfumo wa vyama vingi. Serikali ya Rais Moi iliukataza mkutano na kuwatia wote wawili kizuizini siku chache kabla. Watu walikwenda Kamukunji hata hivyo. Polisi walitumia mabomu ya machozi, virungu na risasi, ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 wakapoteza maisha. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na hakuirudia afya yake hadi alipofariki mwaka 2018. Desemba 1991 kifungu kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kilifutwa, na hakuna Mkenya wa rika langu asiyejua kwamba mlango ule ulisukumwa na watu wa Saba Saba.

Siku ile ilikuwa Jumamosi. Sisi tulikuwa uwanjani Barabara ya Kilwa, nami nikiwa na miaka 14. Dada yetu mkubwa, aliyekuwa ameolewa mwaka uliotangulia, aliishi Shauri Moyo, mtaa unaopakana na Kamukunji. Baba alisikia habari redioni usiku, akaketi palepale bila kuvua viatu. Nyumbani hatukuwa na simu. Barua ya dada ilifika baada ya majuma matatu, imeandikwa kwa wino wa buluu kwenye karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la mistari. Alieleza kwamba aliloweka kanga kwenye maji akaziba nayo chini ya mlango, lakini moshi ukaingia kwa dirishani, na mtoto wa jirani akalia mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akaandika: “Msiwe na wasiwasi, unga upo na sukari ipo.” Baba alitusomea kwa sauti, kisha akairudia kimya kimya. Tangu mwaka ule, kila Saba Saba, kabla hajaugusa mkate, alikuwa akiuliza kwanza: “Nairobi kuna habari gani?”

Mwaka jana aliuliza vilevile, na habari hazikuwa njema. Barabara za kuingia Nairobi zilifungwa, vijana waliandamana, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu zaidi ya watu 30 waliokufa. Dada, ambaye sasa ni bibi, alikaa mlangoni hadi usiku akimsubiri mjukuu wake. Alirudi, tunamshukuru Mungu. Wapo waliosubiriwa na hawakurudi, na mama zao leo hawahitaji kalenda ya kuwakumbusha.

Sisi wa upande huu tulizoea kusema “poleni, majirani,” kisha tukaendelea na maonyesho yetu. Halafu ikaja 29 Oktoba 2025, siku yetu ya uchaguzi. Watu walikufa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam, na intaneti ikakatwa. Ujumbe wa dada kutoka Nairobi, “Baba hajambo? Nijibuni,” ulibaki na tiki moja kwa siku kadhaa. Safari hii yeye ndiye aliyesubiri, na baba ndiye aliyekuwa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Mtandao uliporudi alinipa simu nimwandikie, akaniambia neno kwa neno: “Mwambie unga upo na sukari ipo.” Nilishindwa kuandika kwa muda, akaniacha nilie, kisha akanikumbusha kwamba dada anangoja.

Ndiyo maana nawasihi. Leo ni pia Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwezi Novemba 2021 na kuwekwa tarehe hii kwa kukumbuka TANU na lugha iliyowaunganisha watu katika kudai uhuru. Tena ilikuwa tarehe 7 Julai 2000 ambapo mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kufanya kazi, ukizifunga pamoja Tanzania, Kenya na Uganda. Tutatoa hotuba, tutaghani mashairi, tutataja kwamba wasemaji wa lugha hii wamepita milioni 200. Ni haki yetu kufurahi, nami niliyefundisha Kiswahili miaka mingi ninafurahi kwa moyo wangu wote. Lakini lugha ambayo tunaitumia kusifiana na hatuitumii kujuliana hali tumeitendea nusu ya kazi yake. Ukimtumia Mkenya salamu za leo, mwulize kwanza yuko wapi na watoto wake wako wapi, ndipo umtakie heri.

Wazazi wenzangu, tukae na vijana wetu tuwasikilize kabla ya kuwakemea, kwa maana kijana asiyesikilizwa sebuleni ataitafuta sauti yake barabarani. Vijana, msisambaze picha za maiti za watu kana kwamba ni mchezo wa kuigiza. Kila mwili ule una mama anayeweza kuiona simu yako, na kumstahi marehemu ni sehemu ya utu tuliofundishwa kabla hatujajua kusoma. Ninyi mliopewa dhamana ya kuongoza, pande zote mbili za mpaka, kumbukeni kwamba TANU yenyewe ilikuwa mkusanyiko wa watu waliotaka kusikilizwa, na kwamba haki ambayo waasisi waliidai kwa mkoloni haikupaswa kuwa ngumu zaidi kudaiwa kwa ndugu. Wafanyabiashara, sikukuu isiwe sababu ya kuongeza bei ya unga. Na sisi sote, tusipite kwenye msiba wa jirani kama tunaopita kwenye banda la maonyesho, tukitazama na kusonga mbele, kwa maana tumeshaonyeshwa kwamba msiba una miguu na unajua njia ya kuja kwetu.

Basi kwa mara nyingine, kwa niaba ya mama, wadogo zangu, wake zetu na waume zetu, na wajukuu wote, ninawatakia heri ya Saba Saba na heri ya Siku ya Kiswahili. Mungu awabariki, awaongezee pale palipopungua, na atukutanishe mwakani tukiwa wazima.

Dada, wewe uliondoka baada ya mazishi kabla hatujalifungua lile kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda cha baba. Ndani tulikuta kadi yake ya TANU imefunikwa kwa karatasi mbili za daftari zilizokunjwa, wino wake umefifia lakini unasomeka. Tulizirudisha kama alivyoziweka, na mama amekataa mtu mwingine asiziguse mpaka uje. Njoo mwezi ujao na mjukuu wako. Mkate nitanunua mimi, na kile kipande cha mwisho nitakuwekea.